Leseni na Makao: Jinsi Maktaba ya JTS Ilivyokabidhiwa kwa Umma

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2004, yakataza shughuli za kudumu za binadamu katika eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na kwa hiyo yeyote apewaye kazi ya kujua ni nyumba ngapi za bonde la Msimbazi zimeingia katika eneo hilo hana budi kuchora kwanza ukanda wa mita 60 kila upande wa mto, pamoja na mapindo yake yote, kisha auweke ukanda huo juu ya ramani ya majengo na kuuliza jengo lipi limo ndani, lipi li nje, na lipi limekatwa na mpaka. Kazi hiyo, ambayo zamani ingemchukua mpimaji siku nyingi za rula na bikari, leo hufanywa kwa programu ya QGIS katika dakika chache. Lakini QGIS haifanyi hesabu hiyo peke yake: huikabidhi kwa maktaba ya programu iitwayo GEOS, ambayo nayo ni maandiko mapya, kwa lugha ya C++, ya maktaba nyingine iliyozaliwa katika mji wa Victoria, jimbo la British Columbia, nchini Kanada, kwa jina la JTS.

Namna kazi ya hesabu iliyogharimiwa na serikali za Kanada ilivyofika mpaka bonde la Msimbazi bila ya mtu yeyote wa Dar es Salaam kudaiwa ada, na sababu iliyowafanya wenyewe, baada ya kazi hiyo kusafiri vema hivyo kwa miaka zaidi ya kumi, waibadilishie leseni, makao, na hata majina yaliyomo ndani ya msimbo wake, ndiyo mambo ninayokusudia kuyachambua. Wasanifu wengi wa programu huyahesabu mambo ya leseni na makao kuwa kazi ya makarani, ifanywayo mwishoni, msimbo ukiisha kukamilika; nami naona kwamba katika habari ya JTS shauri hilo lilikuwa zito sawa na hesabu yenyewe, na kwamba liliweza kufanyika kwa sababu moja tu: haki za msimbo zilikuwa bado katika mikono michache inayojulikana.

Fedha za kuianza kazi zilipatikana mwaka 2000 kutoka GeoConnections, mpango wa serikali kuu ya Kanada wa taarifa za kijiografia, na kutoka serikali ya jimbo la British Columbia. Na waliopewa kuitenda walikuwa Martin Davis, aliyeisanifu na kuiongoza, na Jonathan Aquino, wote wawili wakiwa wakati huo katika kampuni ya Vivid Solutions. Walichoombwa kilionekana chepesi kwa macho ya asiyejua: kuandika kwa lugha ya Java mkusanyiko wa kanuni za jiometri ya ramani, ambazo programu nyingine zingeweza kuziita kila zinapozihitaji. Kila umbo juu ya ramani lina sehemu yake ya ndani, mpaka wake, na nje yake. Ukizikutanisha sehemu tatu za umbo moja na sehemu tatu za umbo jingine unapata jedwali la vyumba tisa, na kutoka katika jedwali hilo ndipo hutolewa maana thabiti ya kusema kwamba nyumba imo ndani ya ukanda, au inaugusa tu, au imekatwa nao. Mpaka hapo ni elimu ya darasani.

Taabu huanza kompyuta inapoulizwa. Kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa tarakimu zenye kikomo; na mistari miwili ikikatana, nukta ya makutano aghalabu huangukia mahali pasipoweza kuandikwa kwa tarakimu hizo, basi husogezwa kidogo mno, pungufu ya upana wa unywele, hata ikawa haimo tena juu ya mstari wowote kati ya ile miwili. Jicho la mtu haliwezi kuuona msogeo huo, lakini kanuni inayouliza kama nukta iko kushoto au kulia kwa mstari huuona, ikajibu hivi mahali hapa na vingine mahali pale, na majibu yakapingana. Umbo lililopasa kufungika likabaki wazi, eneo likatokeza kubwa kuliko lilivyo, au programu nzima ikasimama katikati ya kazi. Kuyaondoa makosa ya namna hiyo, moja baada ya moja, kwa ramani halisi za nchi halisi zenye mito iliyopinda na visiwa ndani ya maziwa, ni kazi ya miaka, isiyo na mwisho uliowekwa, na ni watu wachache sana duniani wanaoimudu. Hii ndiyo sababu haifai kila kampuni na kila wizara kujiandikia maktaba yake ya jiometri. Na hii ndiyo sababu pia swali la nani atakayeishika iliyopo, na kwa masharti gani, si swali dogo.

Leseni waliyoichagua mwanzo ilikuwa LGPL. Kwa mujibu wa leseni hiyo mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia maktaba hata ndani ya programu yake ya biashara ambayo msimbo wake ameuficha, ila akiibadilisha maktaba yenyewe na kuitoa kwa wengine, mabadiliko hayo sharti ayatoe kwa masharti yale yale. Kwa wakati wake ulikuwa uamuzi wa busara, na matunda yalionekana mapema. Kampuni ya Refractions Research, ya mji huo huo wa Victoria, ilikuwa imetoa mwaka 2001 toleo la kwanza la PostGIS, nyongeza inayoiwezesha hifadhidata ya PostgreSQL kuhifadhi maumbo ya ramani, na nyongeza hiyo ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa, kwamba iliweza kuyahifadhi maumbo lakini haikuweza kuyalinganisha kama viwango vya kimataifa vilivyotaka; basi JTS ikachukuliwa, ikaandikwa upya kwa C++, ikawa GEOS, chini ya LGPL vilevile. Wengine waliiandika kwa ajili ya mazingira ya .NET ikaitwa NetTopologySuite, wengine kwa JavaScript ikaitwa JSTS, na watumiaji wa Python wakaifikia GEOS kupitia Shapely. Sijui maktaba nyingine ya jiometri ya ramani iliyoacha nasaba pana kuliko hii, na lau ingefungwa ndani ya kampuni moja isingeacha hata mtoto mmoja.

Kizuizi kilitokea upande ambao LGPL haikuundwa kuutazama. Leseni hiyo ilitungwa na watu waliokuwa wakifikiri juu ya lugha ya C, ambako kuna tofauti iliyo wazi baina ya programu na maktaba inayounganishwa nayo. Katika Java mpaka huo si dhahiri vile, na ijapokuwa watunzi wa leseni walisema kwamba masharti yao yafaa kwa Java pia, mawakili wa makampuni mengi hawakutulia. Lililokuwa zito zaidi ni kanuni ya Apache Software Foundation, ambayo chini yake hutunzwa programu nyingi mno za Java duniani: taasisi hiyo hairuhusu msimbo wa LGPL utiwe ndani ya matoleo yake, kwa kuwa yataka atakayepokea kazi zake asikute sharti lolote zaidi ya yale ya leseni ya Apache yenyewe. Athari yake ilionekana katika Lucene, programu ya utafutaji ambayo juu yake zimejengwa Solr na Elasticsearch. Walipotaka kuiwezesha kutafuta kwa maumbo ya ramani, sehemu iliyohusika na maumbo, iitwayo Spatial4j, ilibidi ikae nje ya Apache, na JTS ikawa kitu cha hiari ambacho mtumiaji alipaswa kukileta mwenyewe. Kadiri kazi za ramani zilivyohamia katika makundi ya kompyuta nyingi zinazofanya hesabu kwa pamoja, ndivyo JTS, iliyokuwa bora kuliko zote, ilivyozidi kusimama mlangoni.

Hapo ndipo shauri la makao lilipoungana na shauri la leseni. Njia ya kwanza ilikuwa kubaki ilipo, mradi ulio huru unaotunzwa na Davis, msimbo wake ukiwa katika ghala la SourceForge. Njia hiyo ina utulivu, lakini maktaba inayotegemewa na hifadhidata za serikali haipaswi kutegemea afya na nafasi ya mtu mmoja, hata awe hodari kiasi gani. Kukabidhi kila kitu kwa kampuni moja yenye fedha nako kuna hatari yake, na miaka michache baadaye ulimwengu wa ramani uliiona: mwezi wa Desemba mwaka 2020 kampuni ya Mapbox ilipotoa toleo la pili la Mapbox GL JS, maktaba ya kuchora ramani katika vivinjari, iliiondoa katika leseni huria ya BSD na kuiweka chini ya masharti yake ya biashara, na waliokuwa wakiitegemea wakalazimika kulichukua toleo la mwisho lililokuwa huru na kuanzisha mradi mpya wa MapLibre. Kampuni haikuvunja sheria yoyote kwa kufanya hivyo. Haki zilikuwa zake, nayo ilizitumia kama mwenye mali atumiavyo mali yake.

Ilibaki kuchagua baina ya taasisi mbili. Ya kwanza ni OSGeo, iliyoanzishwa Chicago mwezi wa Februari mwaka 2006, ambayo ndiyo nyumba ya QGIS, GDAL, PostGIS na GEOS yenyewe, na ambayo mkutano wake mkuu, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka 2018. OSGeo hupokea mradi wenye leseni yoyote huria inayotambulika, huuliza msimbo umetoka wapi, na hailazimishi mwenye haki kuzihamisha. Ni taasisi ya kujitolea, yenye ukunjufu wa jamaa wanaojuana. Ya pili ni Eclipse Foundation, ambayo wakati huo makao yake yalikuwa Ottawa, Kanada, na ambayo ilikuwa imeunda ndani yake kikundi kiitwacho LocationTech kwa ajili ya programu za kijiografia. Huko walikuwa wamekwisha kufika GeoTrellis na GeoMesa, miradi ya hesabu kubwa za ramani, na huko ilihamia Spatial4j.

Mpenzi wa OSGeo angeuliza, na kwa haki, kwa nini mama hakwenda kukaa alipo mtoto wake. Jibu langu ni kwamba ugonjwa wa JTS haukuwa uhaba wa marafiki, bali shaka ya mawakili. Na shaka ya mawakili haiondolewi kwa ukunjufu, huondolewa kwa ithibati iliyoandikwa. Eclipse ilikuwa na watumishi wa mshahara ambao kazi yao ni kuuchunguza msimbo na kila kitu unachokitegemea, wakiuliza kila kipande kimeandikwa na nani, kwa idhini ya nani, na chini ya leseni gani, na kila anayechangia baada ya hapo hutia sahihi hati ya makubaliano kabla ya mchango wake kupokelewa. Uchunguzi huo huchukua miezi na huwachosha waandishi wa msimbo, ambao huona wanapotezewa wakati; lakini mtu anayeweka kisima wakfu kwa ajili ya mtaa wake hutaja mipaka ya kiwanja, humtaja msimamizi, na huandika masharti mbele ya mashahidi, kwa kuwa ajua kwamba ugomvi hautatokea siku ya kuchimba bali miaka mingi baadaye, yeye akiwa hayupo.

JTS ilipokelewa LocationTech kati ya mwaka 2016 na 2017, nayo ikawekwa chini ya leseni mbili kwa pamoja, EPL na EDL, mtumiaji akiwa na hiari ya kuifuata moja kati ya hizo. Katika habari yote hii hapa ndipo napaona penye busara kubwa zaidi, na napenda msomaji asipapite kwa haraka. EPL ndiyo leseni ya kawaida ya Eclipse: humtaka anayeyatoa mabadiliko ya maktaba ayatoe yakiwa wazi, lakini humwacha atakavyo kwa programu yake iliyobaki. EDL ni ile leseni fupi ya BSD yenye vifungu vitatu, isiyotaka zaidi ya kuhifadhi tangazo la hakimiliki, kukubali kwamba hakuna dhamana, na kutotumia majina ya waandishi kutangazia bidhaa. Kama JTS ingewekwa chini ya EPL peke yake, mawakili wa Java wangeridhika, lakini GEOS ingepata msiba. Maana EPL, katika namna iliyokuwapo wakati huo, haipatani na jamaa ya leseni za GPL, ambamo LGPL imo, na mtu anayeuhamisha msimbo kutoka Java kwenda C++ anaandika kazi iliyotokana na ile ya kwanza, kwa hiyo asingeweza kuitia kwa uhalali ndani ya maktaba ya LGPL. Mama na mtoto wangetengana, na pamoja nao PostGIS, QGIS, na wote wanaokunywa katika mkondo huo. EDL iliuacha mkondo upite.

Ithibati ya jambo hili ilikuja mwaka 2020. Davis, akiwa sasa katika kampuni ya Crunchy Data, aliandika upya kiini cha hesabu ya kuweka umbo juu ya umbo, ile ile iliyosumbuliwa miaka yote na msogeo wa desimali nilioueleza, akaiita OverlayNG. Ilitoka katika JTS toleo la 1.18, ikahamishiwa GEOS 3.9 iliyotoka Desemba mwaka huo huo, na kutoka hapo ikawafikia watumiaji wa PostGIS 3.1. Hakuna aliyehitaji kuandika barua ya kuomba ruhusa.

Wala isidhaniwe kwamba kubadilisha leseni ni kuandika faili jipya juu ya la zamani. Leseni hutolewa na mwenye hakimiliki, na kila aliyechangia mistari yake ni mwenye hakimiliki wa mistari hiyo, isipokuwa ameikabidhi. JTS iliweza kwa kuwa sehemu kubwa ya msimbo ilitoka katika kampuni moja na kalamu ya mtu mmoja, basi waliohitaji kuulizwa walikuwa wachache na walipatikana. GEOS, yenye wachangiaji waliotawanyika katika nchi nyingi tangu mwanzo wake, imebaki na LGPL yake mpaka leo. Na anayetaka kujua ukubwa wa gharama atazame OpenStreetMap, ambayo ni data wala si programu, lakini sheria ya jambo ni moja: ilipohama mwaka 2012 kutoka leseni ya Creative Commons kwenda ODbL ilibidi wachangiaji waulizwe mmoja mmoja, na barabara na majengo yaliyochorwa na waliokataa au wasiojibu yakafutwa katika ramani.

Kuna gharama moja ambayo JTS haikuepuka. Katika Java kila kipande cha msimbo hubeba jina la pakiti yake, na pakiti za JTS zilianza na jina la Vivid Solutions. Kuanzia toleo la 1.15 jina hilo liliondolewa, pakiti zote zikaanza na LocationTech. Kwa asiyeandika msimbo hilo ni badiliko la kibao cha mlangoni, lakini kwa programu iliyoita pakiti hizo mahali mia tano ni kwamba mahali pote mia tano pamevunjika. Na baya zaidi, programu inayotumia maktaba mbili, moja iliyokwisha kuhama na nyingine bado, hujikuta na maumbo ya aina mbili yasiyotambuana, ijapokuwa ni poligoni ile ile. Programu za ramani za Java kama GeoTools na GeoServer zilihama, nyingine zilichelewa kwa miaka. Naamini badiliko hilo lilikuwa la lazima, kwa kuwa taasisi haiwezi kutunza kazi yake chini ya jina la biashara ya mwingine. Lakini lingeweza kuepukwa kama tangu siku ya kwanza pakiti zingepewa jina la mradi badala ya jina la mwajiri.

Aliyeyaepuka yote haya ni Frank Warmerdam, ambaye mwaka 1998 alipoianza GDAL, maktaba ya kusoma faili za ramani za kila namna, aliiweka chini ya leseni ya MIT, fupi na nyepesi, na haijapata kuhitaji nyingine. Nayo imo ndani ya ArcGIS ya kampuni ya Esri, kama ilivyo ndani ya QGIS. Wapo wasemao kwamba leseni nyepesi huwanufaisha matajiri bure. Neno hilo lina ukweli: miaka mingi GDAL ilitunzwa na watu wachache kwa ujira usio na hakika, na ni mwaka 2021 tu ulipoanzishwa mfuko wa matunzo unaochangiwa na makampuni makubwa yanayoitegemea. Lakini naona tiba ya uchoyo ni mfuko, si leseni; LGPL haikuwahi kumlazimisha mtu alipe mshahara wa anayeitunza JTS.

Nayaandika haya kwa kuwa kazi ya ramani huria si ngeni kwetu. Tangu mradi wa Ramani Huria uanze Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vyetu wamechora mitaa, mifereji na majengo ya kata zinazokumbwa na mafuriko, na panapochorwa ramani hapakawii kuandikwa msimbo: wa kusafisha data, wa kukadiria maji, wa kusoma majina ya mahali yalivyoandikwa kwa tahajia tofauti. Msimbo huo aghalabu huandikwa na mwanafunzi, kwa fedha za mfadhili, katika kompyuta ya chuo, kwa ajili ya wizara, na mwaka wa pili hakuna awezaye kusema haki zake ni za nani kati ya hao wanne. Basi hauwezi kutolewa kwa umma hata kila mmoja wao akipenda utolewe, kwa kuwa hakuna aliye na uwezo wa kutia sahihi. Nawasihi wakuu wa vyuo, maofisa wa wizara, na wafadhili wanaoandikiana mikataba ya kazi hizi, watie ndani ya mkataba kifungu kimoja kinachomtaja mwenye haki za msimbo, leseni utakayotolewa nayo, na taasisi itakayoutunza mradi utakapokwisha. Na kifungu hicho kitiwe sahihi kabla mwanafunzi hajaandika mstari wa kwanza.